Cheti cha malezi ya watoto Australia kwa anayezungumza Kiswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa Waswahili walioko Australia, wawe wametoka Kongo kupitia makambi ya Tanzania, Burundi au Kenya, au wamekuja moja kwa moja kutoka Mombasa au Dar es Salaam, na sasa wanataka kufanya kazi katika vituo vya kulea watoto. Maswali ni mengi lakini karibu yote yana mzizi mmoja, nao ni Kiingereza. Wengi huogopa maneno makubwa ya darasani. Maneno makubwa hayana taabu, kwa sababu yamefafanuliwa kitabuni na unaweza kuyarudia mara kumi. Vinavyowaangusha watu ni vijineno vidogo ambavyo hakuna mwalimu anayevifundisha, na tumevipa nafasi kubwa zaidi hapa chini.

Ni cheti gani hasa ninachohitaji?

Cha kuanzia kinaitwa Certificate III in Early Childhood Education and Care, msimbo wake CHC30121. Kina masomo 17: 15 ya lazima na 2 ya kuchagua. Ndani yake kuna afya na usalama wa mtoto, kulea wachanga, kucheza na kujifunza, kumchunguza mtoto na kuandika ulichokiona, sheria na maadili ya kazi, kutambua mtoto anayeteswa au kutelekezwa, kuheshimu tamaduni za wenyeji asilia wa Australia, na huduma ya kwanza. Juu yake kuna Diploma, msimbo CHC50121, inayokuwezesha kuongoza chumba na kupanga programu ya watoto.

Misimbo hubadilika cheti kinapofanyiwa marekebisho. Kabla ya kujiandikisha, ingia training.gov.au, andika msimbo uliopewa na chuo, uone kama bado unatumika.

Kuna mtihani wa Kiingereza kabla ya kuanza?

Kwa mkazi wa kudumu au mkimbizi hakuna mtihani mmoja wa taifa. Kila chuo hukupima chenyewe: kusoma, kuandika, hesabu na matumizi ya kompyuta. Vyuo vingi hutaka ufikie takriban ngazi ya 3 katika kipimo cha Australia chenye ngazi 5. Kwa lugha ya kawaida, maana yake ni kwamba unaweza kusoma ukurasa mmoja wa sera ya kituo ukaeleza sera hiyo inataka nini, na unaweza kuandika aya fupi inayoeleweka bila msomaji kukuuliza ulikusudia nini. Hesabu zake si ngumu: kupima vijiko vya maziwa ya unga, kusoma kipimajoto, kujua walezi wangapi wanatakiwa kwa watoto 13.

Usimpe mtu mwingine akufanyie kipimo hicho. Matokeo yake ndiyo yanayokiambia chuo unahitaji msaada gani. Aliyefanyiwa huingia darasani akionekana hana shida, kisha anazama wiki ya tatu bila mtu kujua kwa nini.

Nianze na Kiingereza kwanza, au niingie moja kwa moja kwenye cheti?

Ikiwa huwezi kueleza kwa maandishi jinsi mtoto alivyoanguka, anza na Kiingereza. Programu ya serikali iitwayo AMEP ni ya bure kwa wahamiaji na wakimbizi wanaostahili. Kikomo cha zamani cha saa 510 kiliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo aliyeambiwa zamani kwamba saa zake zimekwisha aulize tena. AMEP pia hutoa malezi ya bure kwa mtoto wako ambaye hajaanza shule wakati uko darasani. Ipo pia programu ya SEE kwa anayetaka Kiingereza, kusoma na hesabu za kumsaidia kupata kazi.

Ikiwa unaweza kuandika hiyo aya ya mtoto aliyeanguka, hata kwa makosa, usikae miaka ukisubiri Kiingereza kikamilike. Kiingereza cha kazi hii hupatikana kazini. Tafuta kituo kinachopokea wa kujitolea siku moja kwa wiki, au uliza kama chuo chako kina darasa la Kiingereza linaloendeshwa sambamba na cheti. Vipo vyuo vya serikali vyenye mpango huo, na kwa maoni yetu ndio njia bora kuliko zote kwa Mswahili.

Nilikuwa mwalimu wa chekechea nyumbani. Nianze upya?

Si lazima. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuomba ACECQA, mamlaka ya taifa ya ubora wa elimu ya awali, wapime kama cheti chako kinalingana na cha Australia. Ya pili ni kukiomba chuo kitambue ujuzi ulio nao, ili usirudie masomo unayoyaweza; hapo utaonyesha vyeti, barua za waajiri, na kuhojiwa au kutazamwa ukifanya kazi.

Karatasi za Kiswahili au Kifaransa lazima zitafsiriwe na mfasiri mwenye kibali cha NAATI, shirika linalothibitisha wafasiri Australia. Huduma ya bure ya serikali hutafsiri hadi nyaraka 10 za binafsi kwa wakazi wa kudumu wanaostahili, ndani ya miaka 2 ya kwanza tangu visa itolewe. Miaka hiyo huyoyoma upesi. Hata kama huna mpango wa kusoma mwaka huu, peleka Diplôme d'État yako au cheti chako cha ualimu sasa.

Nimeambiwa kuna mahali cheti kinapatikana kwa wiki nne, bila mafunzo kituoni. Ni kweli?

Kaa mbali. Cheti hiki hakipatikani bila saa 160 ndani ya kituo kilichosajiliwa Australia. Tangu mwishoni mwa 2024, ASQA, mdhibiti wa vyuo vya ufundi, imefuta maelfu ya vyeti vilivyotolewa bila mafunzo ya kweli, vikiwemo vya malezi ya watoto. Waliokuwa navyo walipoteza fedha na sifa ya kufanya kazi, hata wale walionunua bila kujua kwamba wanadanganywa.

Vyuo vingi vya kweli huchukua miezi 6 hadi 12. Kabla ya kulipa chochote uliza haya kwa simu, na uandike majibu: Nani ananitafutia kituo cha mafunzo, nyinyi au mimi? Mtathmini wenu atakuja kunitazama mara ngapi? Nikikosea zoezi narudia mara ngapi bila kulipa? Kuna mwalimu wa kunisaidia Kiingereza, na siku gani? Chuo kinachojibu swali la pili kwa kusema utajirekodi tu video nyumbani hakikufai.

Ada ni kiasi gani?

Inategemea jimbo na visa. Tangu 2023 serikali imekuwa ikilipia nafasi za bure katika vyuo vya serikali, na malezi ya watoto ni miongoni mwa masomo yanayopewa kipaumbele. Piga simu chuo cha TAFE (chuo cha ufundi cha serikali) cha jimboni kwako kabla ya kutazama chuo kingine chochote. Ada ikiwa bure bado utalipia sare, viatu vilivyofunikwa mbele, nauli, na wakati mwingine chanjo au kadi ya ukaguzi.

Nahitaji karatasi gani kabla ya kuingia kituoni?

Namba ya mwanafunzi, USI, yenye herufi na tarakimu 10. Unaitengeneza bure mtandaoni, na ImmiCard, kadi inayotolewa na idara ya uhamiaji, inakubalika kama kitambulisho.

Kibali cha kufanya kazi na watoto. Kila jimbo lina chake: Queensland wanakiita Blue Card, Northern Territory ni Ochre Card, New South Wales na Victoria ni Working with Children Check. Queensland huruhusiwi kuanza hata siku moja bila kadi mkononi. Kosa linalotuumiza sana hapa ni majina. Kwenye visa umeandikwa kwa mpangilio mmoja, benki mwingine, leseni ya udereva mwingine, na tarehe ya kuzaliwa ni ile ya 1 Januari uliyopewa kambini. Maombi yanakwama wiki kadhaa. Tazama nyaraka zako zote kwanza, chagua mpangilio ulio kwenye visa au ImmiCard, na uutumie huohuo kila mahali.

Kumbukumbu za chanjo. Vituo vingi hutaka kuona kifaduro, surua na tetekuwanga. Kama kadi ilipotea njiani, daktari wa familia atakupa chanjo za kukamilisha au kupima damu. Usingoje wiki ya mwisho, kwa sababu baadhi ya chanjo hutolewa mara mbili kwa kupishana wiki nne.

Hizo saa 160 zinahesabiwaje?

Ni siku 20 za saa 8, mara nyingi bila malipo. Ukiwa tayari umeajiriwa kituoni, saa za kazi yako zinaweza kuhesabiwa. Mtathmini atataka kukuona ukiwa na wachanga pamoja na wakubwa, kwa hiyo ukipangwa chumba cha miaka 4 siku zote 20, sema mapema. Kila siku peleka daftari la mahudhurio lisainiwe kabla hujaondoka. Msimamizi akihama kituo wiki inayofuata, saa zisizosainiwa ni vigumu kuzithibitisha.

Ni Kiingereza kipi hasa kinachotuangusha kazini?

Hapa ndipo pa kukaa kitako, kwa sababu makosa haya hayatokani na uvivu wala elimu ndogo. Yanatokana na Kiswahili chenyewe, na mwalimu wa Kiingereza asiyejua Kiswahili hawezi kuyaona yanatoka wapi.

*Saa.* Sisi huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Mzazi akisema mtoto alikunywa dawa saa nne, kichwani kwetu ni asubuhi ya kati. Ukiandika 4:00 kwenye fomu, mlezi wa zamu ya mchana anaelewa alfajiri au jioni. Kwenye rekodi ya dawa kosa hilo linaweza kumpa mtoto dozi ya pili kabla ya wakati. Dawa yenyewe kituoni hutolewa kwa kibali cha maandishi cha mzazi, na mtu wa pili huhakiki dozi na mtoto ni nani. Dawa ya kukinga kosa la saa ni moja: usitafsiri. Tazama saa ya ukutani au ya kompyuta, nakili tarakimu kama zilivyo, kwa mtindo wa saa 24 kama kituo kinaruhusu. 14:10 haina utata.

*Ndiyo na hapana.* Mwenzako anauliza, "You didn't change Leo?" Kwa Kiswahili, "Hujambadilisha Leo?" hujibiwa "Ndiyo, bado." Ukisema "Yes", yeye anasikia umeshambadilisha, na Leo anabaki na nepi chafu saa nzima. Swali likiwa na kikanushi, acha kabisa yes na no, jibu kwa sentensi kamili: "I changed him" au "I have not changed him yet."

*He na she.* Sisi tuna "yeye" na inatosha kwa wote. Kwenye maandishi, ukimwita Mia "he" mstari wa pili, msomaji anadhani mtoto mwingine ameingia. Mzazi akisikia binti yake anaitwa "he" anaweza kufikiri hujui mtoto ni yupi. Njia rahisi: rudia jina la mtoto kila sentensi. Si Kiingereza kizuri sana lakini ni salama, na hakuna mtathmini atakayekuangusha kwa hilo. Kisha ukimaliza, soma tena maandishi yako yote ukitafuta kijineno hicho tu.

*Mkono, mguu, kidole.* Fomu ya ajali ina mchoro wa mwili. Mkono wetu ni "arm" kuanzia begani na "hand" kuanzia kiganjani. Mguu ni "leg" na "foot". Kidole cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe". Andika neno sahihi na upande: "left", "right". Upande ni wa mtoto, sio wako unayemtazama.

*Kuumwa.* "Mtoto anaumwa" maana yake ni mgonjwa. "Mtoto ameumwa na mwenzake" maana yake meno yamempata. Katika chumba cha miaka 1 hadi 3, kung'atana ni jambo la kila wiki, na maneno yake ni "bite" na "was bitten". Ukiandika "was sick by another child" hakuna atakayejua kilichotokea. Na jina la mtoto aliyeng'ata haliandikwi kwenye nakala ya mzazi wa aliyeng'atwa, wala halitajwi kwa mdomo.

*Pole.* Hatuna lugha bila pole, na Kiingereza hakina neno hilo. Wengi husema "Sorry" kwa mzazi ambaye mtoto wake ameanguka. Mzazi anaweza kusikia kwamba unakiri kosa. Sema kwanza kilichotokea na ulichofanya: alianguka kwenye ngazi, tuliweka barafu dakika 10, amecheza vizuri tangu hapo. Huruma itaonekana usoni na kwenye sauti.

*Sauti fupi na ndefu.* Kiswahili kina irabu tano tu, Kiingereza kinatofautisha fupi na ndefu. Neno la shuka, "sheet", likikatwa fupi linakuwa tusi. Livute. Na anayechanganya l na r kwa sababu ya lugha ya kwao ajizoeze hasa na "play" na "pray", kwa kuwa la kwanza utalisema mara mia kwa siku.

Waliosoma kwa Kifaransa wana mitego yao. "I assisted the meeting" kwa Mwingereza maana yake ulisaidia mkutano, si kwamba ulihudhuria. "The mother demanded a bottle" inasikika kama mama alikuja akifoka. Andika "asked for".

Halafu kuna msamiati wa Australia wenyewe. Nepi ni "nappy", sio "diaper". Chuchu ya plastiki ya kumtuliza mtoto ni "dummy". Kitanda chenye kizuizi ni "cot". "Arvo" ni mchana hadi jioni. Nunua kijidaftari cha mfukoni, andika maneno matano tu kwa siku. Ishirini hayakai.

Nifanye nini nisipoelewa alichosema mzazi au msimamizi?

Usiseme "okay". Kwetu kuitikia ni adabu, hasa kwa mkubwa wa kazi. Kwao "okay" ni ahadi kwamba umeelewa na utafanya. Rudia ulichosikia kwa maneno yako: "So, no milk today, only water?" Kama umekosea atakurekebisha papo hapo. Kwa lolote linalohusu chakula, mzio, dawa au nani atamchukua mtoto, mwombe mzazi aandike, au mwite mwenzako.

Suala la kumchukua mtoto liangalie kwa jicho la pekee. Sisi tukisikia "my brother will come" tunajua ndugu ni ndugu. Sheria ya Australia haitambui hivyo. Mtoto hukabidhiwa mzazi au mtu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na kitambulisho chake hutazamwa. Hata kama mnafahamiana kanisani au msikitini, bila jina lake kwenye karatasi hapewi mtoto.

Na usimwite mzazi "Mama Leo" wala msimamizi "Madam". Huko ni majina ya kwanza tu kwa wote. Mwanzoni ulimi unakataa, lakini kutazamana machoni na kutumia jina la kwanza ndiyo heshima yao.

Uchunguzi wa mtoto unaandikwaje ili ukubaliwe?

Andika ulichokiona na kusikia, kwa wakati uliopita, bila hukumu. Mfano unaokubalika: "Amina picked up the red block and put it on top of the blue block. It fell. Amina said 'Again' and picked it up." Sentensi fupi, kitendo kimoja kila moja. Usiandike "naughty", "lazy", "good girl", wala "she was happy" peke yake. Andika kilichokufanya udhani amefurahi, kwamba alicheka na kupiga makofi.

Baada ya hapo unaunganisha na mwongozo wa taifa wa kujifunza kwa watoto wadogo, wenye matokeo matano: mtoto ana utambulisho imara, ameunganika na ulimwengu wake na anauchangia, ana ustawi, anajifunza kwa kujiamini, na anawasiliana vyema. Chagua tokeo moja, eleza kwa nini, kisha pendekeza utakachompa kesho. Hapo kwenye "kwa nini" ndipo wengi hurudishiwa kazi, kwa sababu wananakili sentensi ya mwongozo bila kumtaja Amina na vitalu vyake.

Tumia toleo la 2.0 la mwongozo huo. Majibu yanayozunguka WhatsApp mara nyingi yameandikwa kwa toleo la mwaka 2009, na mtathmini huyagundua kwa haraka.

Naruhusiwa kutumia programu ya kutafsiri?

Kwa kusoma na kuelewa, ndiyo. Kwa kuandika jibu lote, hapana. Mtathmini anaweza kukupigia simu akakuuliza ueleze jibu lako kwa mdomo, na ukishindwa linahesabiwa si lako. Utaratibu unaofaa: fikiri jibu kwa Kiswahili, liseme kwa sauti kwa Kiingereza chako, liandike hivyohivyo, ndipo utumie programu kukagua neno moja moja.

Usiingize kamwe jina la mtoto wa kweli, picha yake wala habari za afya yake ndani ya programu hizo. Kwenye kazi za chuo tumia jina la kubuni au herufi moja. Na usipige picha ya mtoto kwa simu yako, hata kama zoezi linataka ushahidi wa picha. Tumia kifaa cha kituo, kwa idhini, au piga picha ya mnara wa vitalu bila mtoto. Mwanafunzi anaweza kuondolewa kituoni siku hiyohiyo kwa kosa hili.

Naweza kujibu kwa mdomo badala ya kuandika?

Kwa maswali mengi ya nadharia, ndiyo, ukiomba mapema. Kwa rekodi, hapana, kwa sababu kuandika rekodi ni sehemu ya kazi yenyewe: taarifa ya jeraha huandikwa ndani ya saa 24, na mzazi lazima ajulishwe ndani ya muda huohuo. Mkalimani wa TIS, huduma ya serikali ya ukalimani kwa simu, namba 131 450, yupo saa zote na Kiswahili kipo. Mtumie kwa mambo yako na chuo, kama ada, malalamiko au mkataba. Hawezi kukufanyia tathmini.

Malezi yetu na yao yanagongana wapi?

Zaidi ya yote kwenye usingizi. Mchanga hulazwa chali, miguu ikigusa upande wa chini wa kitanda, uso na kichwa wazi, bila mto wala blanketi zito. Sisi tumezoea kumfunika mtoto gubigubi asipigwe na upepo, au kumlaza ubavu asipaliwe. Kule hilo ni hatari ya kifo cha ghafla na utafeli somo. Kumbeba mgongoni hakuruhusiwi kituoni ila kituo kikiwa na sera yake.

Kwenye chakula, mtoto halazimishwi kumaliza wala hafuatwi na kijiko. Kwenye kukataza, unamwambia afanye nini badala ya asifanye nini: "Walking feet" badala ya "Don't run". Jizoeze nyumbani na wanao, kwa sababu kwa aliyezoea Kiswahili chetu cha "Acha! Shuka! Usiguse!" inachukua wiki kadhaa ulimi kugeuka. Kumpiga, kumfinya, kumtisha au kumtenga ni kosa la kisheria.

Na jua. Mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi hupakwa dakika 20 kabla ya kutoka, kwa watoto wote wa kuanzia miezi 6, weusi kwa weupe. Kofia ni lazima.

Huduma ya kwanza inafanywaje?

Somo linaitwa HLTAID012. Utakandamiza kifua cha sanamu ya mtu mzima ukiwa umepiga magoti sakafuni kwa dakika 2 mfululizo, kisha sanamu ya mchanga. Mikandamizo 30, pumzi 2. Utaonyesha pia sindano ya mzio mkali na pampu ya pumu. Mwenye maumivu ya magoti aseme mapema, lakini asitegemee kufanyia mezani. Ufufuaji hurudiwa kila mwaka, cheti kizima kila miaka 3.

Nimerudishiwa zoezi limeandikwa "Not Yet Satisfactory". Nimefeli?

Hapana. Maana yake bado, rekebisha. Soma maoni, fungua swali hilo tu, ongeza kilichokosekana. Wengi hufuta yote na kuanza upya, wakaharibu hata yaliyopita. Tazama kitenzi cha swali: "list" ni kutaja, "describe" ni kueleza kikoje, "explain" ni kusema kwa nini. Aliyetaja mahali pa kueleza hurudishiwa, hata kama kila alichotaja ni sahihi.

Nitapata kazi kabla ya kumaliza?

Inawezekana. Kanuni zinaruhusu aliyejiandikisha, aliyeanza na anayeendelea vizuri kuhesabiwa miongoni mwa walezi wa kituo. Uwiano wenyewe ni mlezi 1 kwa wachanga 4 chini ya miezi 24, 1 kwa 5 hadi miezi 36 (Victoria ni 1 kwa 4), na 1 kwa 10 au 11 kwa waliozidi hapo kutegemea jimbo. Kituo kitataka barua ya chuo inayoonyesha maendeleo yako, kwa hiyo ukiacha kuwasilisha mazoezi kazi nayo inayumba.

Naruhusiwa kuzungumza Kiswahili na watoto?

Ndiyo, na kituo kizuri kitakuomba. Wimbo wa kuhesabu moja hadi kumi, salamu ya asubuhi, hadithi fupi yenye vitendo vya mikono: hayo ni ushahidi katika somo la ujumuishi na tofauti za watu. Kama kuna mtoto wa Kiswahili kituoni anayelia asiyeelewa wenzake, wewe ndiye mlezi pekee anayeweza kumuuliza ana nini. Mwambie msimamizi siku ya kwanza kwamba unazungumza Kiswahili, na Kifaransa, Kibembe au Kirundi kama unavyo, na liandike kwenye wasifu wako juu kabisa, kabla ya vyeti.